Katekista na Barua ya Makaburi

Kabla ya kusuluhisha ugomvi wowote, Katekista alipima kwanza mahali pa kuweka kiti chake. Alimkalisha mgomvi mmoja upande huu na mwingine upande ule, akatembea katikati yao akihesabu hatua, midomo ikichezacheza, kisha akarudi nusu ya hatua hizo na kukiweka kiti. Kama sakafu ilikuwa na mteremko, na kwetu Rungwe sakafu nyingi zina mteremko, alitia kipande cha tofali chini ya mguu mmoja asije akaonekana amemwegemea fulani. Nilimwona akifanya hivyo kwa ugomvi wa mgomba ulioangukia uani kwa jirani. Nilimwona akifanya hivyo kwa mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe. Hatua zile zile, tofali lile lile.

Nilianza kumdharau nikiwa kidato cha pili. Sasa nimevuka miaka arobaini, nimelala Tunduma, Makambako, Ifakara na miji mingine ambayo sikuwa na kazi nayo, na kila nilipokumbuka nyumbani, mvua ya Tukuyu na harufu ya majani mabichi yaliyovunwa asubuhi, alikuja na yeye. Sikuweza kukumbuka mvua peke yake.

Alikuwa katekista wa kigango chetu karibu na Kinyala, kanisa dogo la matofali ya kuchoma lililopakana na shamba la chai. Wakatoliki tulikuwa wachache. Wenyeji wengi walikuwa Wamoraviani na Walutheri, na sisi tulikuwa zaidi watu wa kambi ya wafanyakazi, waliotoka milima ya jirani kuja kuchuma na kusindika chai. Paroko alikuja mara moja kwa mwezi kama barabara ilimruhusu. Siku nyingine zote Kanisa Katoliki lilikuwa yeye.

Alikuwa na redio ya betri, ameivisha kitambaa kilichofumwa na mkewe, na kila jioni alisikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka Roma. Habari za watakatifu zilimpita. Alichokishika ni mabalozi. Balozi gani wa Papa kapelekwa nchi gani, nani kapokewa, vita gani Roma imeomba visimame. Mafundisho ya kipaimara yakageuka somo la siasa ya dunia. Tulitakiwa kuyajua mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Tuliyajua manne, ila nchi zenye balozi Vatikani tulizitaja kwa mpangilio wa alfabeti.

"Nchi nzima ya Papa," alitufundisha, "ingeingia ndani ya shamba hili la chai, na chai ikabaki. Hana jeshi. Hana ndege ya vita. Lakini wakubwa wote wa dunia wanampelekea mtu. Kwa nini?"

Tulijibu kwa sauti moja: "Kwa sababu hana upande."

"Kwa sababu hana upande," alirudia yeye, akifumba macho kama mtu aliyeonja asali.

Nyuma ya mlango wa sakristia alibandika ramani ya dunia iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani. Kila nchi iliyopelekeana mabalozi na Roma aliitoboa kwa sindano. Alikuwa anaibandua na kuiinua dirishani, mwanga ukapita kwenye vitobo, na sisi tukatakiwa kushangaa. Kitobo cha Tanzania kilikuwa kikubwa kuliko vyote kwa sababu alikuwa akikitoboa upya kila mwaka.

Hadithi aliyoipenda ni ya nchi mbili za Amerika ya Kusini zilizokaribia kupigana kwa ajili ya visiwa vitatu vidogo. Zote mbili za Kikatoliki, askari wao wote wanasali rozari. Zikampelekea Papa ugomvi, yeye akamtuma mzee mmoja kardinali aende akakae nao, na baada ya miaka kadhaa zikatia sahihi bila risasi kupigwa. Tuliisikia mara nyingi mpaka tukawa tunamsahihisha akikosea. Funzo lilikuwa lile lile: Roma haina haraka, Roma haimsemi mtu, Roma hutunza mikataba hata na watu wabaya. Hakuwahi kutuambia visiwa vilikwenda kwa nani. Wala sisi hatukuwahi kumuuliza, maana tulidhani vilibaki katikati, kama kiti chake.

Tukuyu mjini kulikuwa na mzee Mwislamu mwenye duka la sabuni, mafuta ya taa na madaftari. Kila Idd, Katekista alipanda kwenda kumsomea salamu za Papa kwa Waislamu wa dunia. Mwaka mmoja nilikwenda naye kununua daftari. Alisimama mbele ya kaunta, akafungua karatasi yake aliyoinakili redioni, akasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho huku yule mzee akipimia wateja mafuta. Wateja walinyamaza kwa heshima. Mmoja akavua kofia.

Alipomaliza, mzee wa duka alijifuta mikono. "Ahsante sana, Mwalimu. Salamu za Roma nimezipokea, na wewe uwarudishie zangu. Sasa wewe mwenyewe, kama jirani yangu, unaniambia nini leo?"

Katekista aliitazama karatasi. Aliigeuza, nyuma palikuwa patupu.

"Nasema hayo hayo, mzee wangu."

"Haya. Kaa basi ule pilau."

Akala pilau. Nilikula na mimi, na nilikuwa nikimwonea haya kila tonge.

Mwaka wa maafa ya Rwanda ndio nilioanza kumchukia hasa. Redio zilikuwa zinasema mambo ambayo watu wazima waliyasikiliza wakiwa wamesimama. Jumapili moja, baada ya ibada, mchumaji mmoja wa chai tuliyemwita Mama Tumpe, mwanamke mwenye ulimi usiosubiri, alimuuliza pale pale mlangoni.

"Katekista, hawa wanaouawa makanisani, tunasema nini?"

"Tunaziomba pande zote mbili zijizuie, mama."

"Mtoto wa miezi sita naye ni upande?"

"Mama, mambo ya mataifa yana lugha yake."

"Ndaga," alisema Mama Tumpe, neno letu la kushukuru, akajitanda khanga na kuondoka. Hakukanyaga kanisani mpaka Krismasi.

Baadaye sana nilipata kusoma, na nikajua kwamba Roma yenyewe ilikuwa imesema kwa maneno mazito kuliko yake. Ndiyo maana nasema kosa halikuwa la mafundisho. Mafundisho ya Kanisa juu ya amani yana kitu kinaitwa haki, na yana maneno mengi juu ya mfanyakazi na heshima yake, yameandikwa wazi hata mtu wa kidato cha nne anayaelewa. Balozi wa Papa hakai kimya kwa kukosa la kusema. Ananyamaza leo ili kesho asikilizwe akisema. Katekista wetu alijifunza ile sehemu ya leo tu.

Nitaje na mengine, maana si haki kuyaficha. Hakula senti ya mtu. Usiku na mchana, mtu akifa, Mkatoliki au asiye Mkatoliki, yeye ndiye aliyeosha maiti ambayo ndugu waliiogopa. Siku moja alitembea kwa miguu kutoka kwetu mpaka Isongole, mvua inanyesha tangu asubuhi, kwenda kumbatiza mtoto mchanga aliyekuwa anakata roho, akarudi siku ya pili na gunia dogo la viazi mgongoni alilopewa na wale wafiwa, akampelekea mjane wa Kimoraviani. Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe na uti wa mgongo. Alikuwa nao, lakini aliutumia kubebea viazi.

Mama yangu, yeye ndiye aliyemzika. Nilikuwa na miaka minane. Alizikwa kwenye makaburi ya kambi, kipande cha ardhi ndani ya shamba la chai, kati ya mfereji na barabara ya matrekta. Watu wa kambi hawakuwa na viwanja vya kuzikia nyumbani kama Wanyakyusa wa pale, kwa hiyo enzi shamba lilipokuwa la serikali walipewa kipande hicho, na hakuna aliyekiandikia karatasi. Alama zilikuwa mimea ya masale na mawe. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, tulikwenda kupalilia, Katekista akisoma majina mmoja mmoja.

Halafu ukaja ubinafsishaji. Shamba likauzwa. Meneja mpya alikuwa mzungu kutoka Ulaya, Mkatoliki, na Jumapili ya kwanza aliingia kanisani kwetu akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo na suruali yake safi. Katekista nusura alie kwa furaha. Alimwandalia kiti mbele, meneja akakataa, akakaa benchi moja na wachumaji. Tuliona ni mtu mwema. Baada ya miezi michache watu wa vipimo wakaja na kamba, na nyapara akatuambia kwamba kipande kile cha makaburi kitafyekwa na kupandwa chai, pamoja na barabara ya matrekta kuhamishwa.

Wakati huo huo tulikuwa tumesikia kwamba Balozi wa Papa angekuja Mbeya kwa ajili ya sherehe ya Kanisa. Baba yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye vikaushio vya kiwandani, ndiye aliyeunganisha mambo hayo mawili. Aliwaambia wenzake kambini: "Tangu watoto wadogo tunaimbiwa habari za mabalozi. Sasa balozi anakuja. Tumwandikie."

Niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa kidato cha nne na nilikuwa na mwandiko mzuri. Baba alitamka, watu wakarekebisha. Naikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi: "Mheshimiwa Balozi wa Baba Mtakatifu. Sisi ni wafanyakazi wa shamba la chai. Watu wetu wamezikwa hapa. Meneja mpya anataka kupanda chai juu yao. Ni Mkatoliki kama sisi na anapokea komunyo pamoja nasi. Tunaomba umwambie aache." Chini yake tuliandika majina ya waliozikwa, la mama likiwemo, na sahihi zetu, na walioshindwa kuandika wakaweka dole gumba.

Tukampa Katekista aipeleke, kwa kuwa yeye alikuwa amealikwa Mbeya. Aliisoma akiwa amesimama. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye Misale, kitabu chake cha ibada.

"Nitaifikisha," alisema.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa kupitia parokiani, kwenye bahasha nzuri, pamoja na pakiti ya rozari nyeupe za plastiki. Katekista aliisoma kanisani. Balozi alifurahi kusikia furaha yetu kwa ujio wa mwekezaji. Alitupongeza kwa roho yetu ya maelewano. Aliwakumbuka marehemu wetu katika sala.

Baba alisimama.

"Katekista, furaha gani?"

"Kaka, niliirekebisha kidogo."

"Uliirekebisha nini?"

"Niliitafsiri."

"Ilikuwa Kiswahili. Uliitafsiri kwenda lugha gani?"

"Lugha ya kibalozi." Hakuona aibu hata kidogo. Alikuwa akitueleza kama anavyowaeleza watoto wa kipaimara. "Huwezi kumwandikia balozi ukamshtaki mtu kwa jina. Unashukuru kwanza. Unataja marehemu kwa mbali. Yeye anaelewa mwenyewe kinachokosekana. Hivyo ndivyo mataifa yanavyoandikiana."

"Kwa hiyo," alisema Mama Tumpe kutoka nyuma, "tumeomba makaburi tukapewa rozari."

Watu wengine walicheka. Baba hakucheka. Alizichukua rozari zote kwenye pakiti, akaziweka juu ya kiti cha Katekista, akatoka.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu yule balozi. Huenda angesoma barua yetu na asifanye lolote. Huenda angemwita meneja kando baada ya misa na kumwambia maneno mawili, na mtu aliyekuwa anapiga magoti kwenye udongo angeyasikia. Sitajua. Hakuwahi kuandikiwa na sisi. Aliandikiwa na mtu aliyetaka aonekane kwamba anajua kuandika.

Katekista alikwenda mwenyewe kwa meneja, akakaa katikati, na akarudi na mkataba. Meneja angejenga msalaba mmoja wa zege kando ya barabara kuu ya shamba, hauna majina, na angeupaka rangi nyeupe kila mwaka. Sisi, kwa upande wetu, tusingeingia tena pale, na hakuna mtu angemwonyesha mwingine kwamba fulani amelala hapa au pale, ili wachumaji wasije wakaogopa kuchuma chai ya juu ya wafu. Baba alikataa kutia sahihi. Wengine walitia, wengi wao kwa kuogopa kupunguzwa kazini. Katekista alitia sahihi kama shahidi, na chini ya jina lake aliandika kwa mkono wake: kwa niaba ya pande zote.

Trekta lilifanya kazi siku tatu. Siku zote tatu yeye alisimama barabarani bila mwavuli, anasoma majina ya marehemu wetu kwa sauti, kila moja kwa wakati wake, trekta likipita juu ya makaburi yao. Watu waliomwona wanasema alikuwa anatetemeka kwa baridi. Sikumwonea huruma wakati ule. Baba aliacha kazi, akarudi kwao upande wa Isongole, akafa huko na kuzikwa peke yake. Mimi nikaanza kuhama.

Iringa, kwenye meza ya mtu anayeuza vitabu vya mitumba, nilikutana na kitabu kikubwa cha historia ya dunia. Nilitafuta ile habari ya Amerika ya Kusini, nikaisoma nimesimama. Visiwa vile vitatu havikubaki katikati. Mzee wa Roma alikaa, alisikiliza miaka, halafu akachora mstari baharini, na visiwa vyote vitatu vikaangukia nchi moja. Nilikifunga kitabu. Muuzaji aliniuliza kama nanunua, nikasema sina haja tena.

Novemba iliyopita nilirudi. Nilishuka Tukuyu, bodaboda ikanipeleka mpaka kigangoni, ambacho sasa kina bati jekundu na katekista kijana mwenye simu. Yule wetu nilimkuta amekaa kibarazani kwake, macho yamepungua, fimbo magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema.

"Milele na milele, amina. Nani?"

Nikamtaja baba.

"Oo. Wewe uliyeandika ile barua." Alitabasamu. "Mwandiko mzuri sana."

"Nimekuja kumpalilia mama."

Aliinuka, tukaenda pamoja, pole pole, mpaka kwenye barabara ya shamba. Msalaba wa zege ulikuwepo, rangi imebanduka. Mlinzi, kijana mwenye koti la mvua la kampuni, alikuwa kwenye kizuizi. Nyuma yake chai ilikuwa imepanda mlima sawasawa, kijani kimoja. Nilidhani ningepajua. Lakini mfereji ulikuwa umefukiwa na barabara ya matrekta haikuwa tena pale nilipoiacha. Sikuona hata pa kuanzia.

"Yuko wapi?" nilimuuliza Katekista.

"Yumo mle ndani, mwanangu."

"Hilo najua. Wewe peke yako ndiye unayepajua. Nionyeshe kwa kidole."

Alimgeukia mlinzi, halafu akanigeukia mimi. "Nilitia sahihi."

"Meneja yule ameondoka. Shamba limeshauzwa tena."

"Aliyeondoka ni yeye. Sahihi yangu ipo."

"Visiwa vilikwenda upande mmoja, Katekista. Nimesoma. Mpatanishi wa Papa alichora mstari."

Nilidhani nimempata. "Ndiyo," alisema. "Nilijua. Lakini wale walikuwa wamekubali kwanza kuchorewa."

Mlinzi alikuwa akitusikiliza muda wote. "Kuna nini mle ndani, wazee wangu?"

Nilimwambia. Alitazama chai, akatazama viatu vyake.

"Asiye na kitambulisho haingii, hiyo ndiyo amri," alisema. "Ila mimi naenda kule chini kujisaidia. Nitachelewa kidogo." Akainua kizuizi, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Niliingia. Chai ilinifika kiunoni na ilikuwa imejaa maji, suruali ikaloa mara moja. Nilipofika kama katikati niligeuka. Katekista alikuwa amebaki barabarani, miguu yake nje kabisa ya mpaka wa shamba.

"Kushoto au kulia?" nilimpigia kelele. "Niambie hilo tu."

Aliweka fimbo chini. Akainua mkono wa kuume, akachora msalaba hewani, mkubwa na wa pole pole. Halafu akasogea hatua chache kando ya barabara akauchora tena, kisha akarudi upande wa pili akauchora mara ya tatu, mpaka akaridhika kwamba hakuna kona ya shamba iliyopunjwa.

Mlinzi alirudi akifunga zipu ya koti. Alisimama pale kizuizini, akaniuliza kwa kupaza sauti kidogo, "Umempata?"

Nilimwomba muda kidogo zaidi. Nikashuka mpaka mwisho wa shamba, nikaanza kupalilia mstari wa kwanza.